Kufumua na Kuimarisha Giaboksi ya Otomatiki ya Pikapu: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Mtwara na Lindi

Kila msimu wa korosho unapokaribia, pikapu za otomatiki ambazo mwaka mzima zilikuwa zikibeba familia na mizigo myepesi hugeuzwa kuwa malori madogo. Miaka kadhaa iliyopita nililetewa kwa kuburutwa Hilux moja iliyopandikizwa injini ya dizeli ya 1KZ-TE, yenye lita 3.0 na turbo, pamoja na giaboksi yake ya gia 4 kutoka kwenye Surf. Mwenye gari alikuwa mzee wa Kitangari. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza tatizo kwa sentensi moja: "Mwanangu, injini inalia, ila gari limesimama kama limefungwa kamba." Nilipomuuliza alikuwa amebeba nini, alinijibu bila kuficha kwamba yalikuwa magunia 22 ya korosho ghafi. Ukihesabu gunia moja kwa kilo 80, huo ni mzigo wa kilo 1,760 uliopandishwa kwenye miinuko ya uwanda wa Makonde kwa gari lililoundwa kubeba takribani tani moja.

Mwongozo huu unahusu giaboksi za familia ya A340 na ndugu yake A343, ambazo Toyota ilizifunga kwenye Hilux, Surf na 4Runner nyingi za miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jambo ninalotaka fundi alishike tangu mwanzo ni kwamba klachi zilizoungua ni matokeo, wala si chanzo. Chanzo huwa ni joto, presha ndogo ya oili, au vyote viwili kwa pamoja. Anayebadilisha pleti za klachi bila kutafuta kwa nini ziliungua atazibadilisha tena baada ya miezi sita, na safari hiyo mteja hatakubali kulipa.

Kupima kabla ya kushusha

Nimeona giaboksi nzima zikifumuliwa kumbe tatizo lilikuwa waya mmoja ulioliwa na panya, kwa hiyo usishike spana kabla hujamaliza vipimo. Anza na oili. Oili ya giaboksi hupimwa ikiwa ya moto, kati ya nyuzi 70 na 80 za Selsiasi, injini ikiunguruma taratibu, na baada ya kupitisha mkono wa gia kwenye nafasi zote kutoka P hadi L na kuurudisha P. Oili nzima ni nyekundu na inapitisha mwanga. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na inanuka kama moshi wa maganda ya korosho yanayochomwa, klachi zimeungua. Ikiwa na rangi ya waridi yenye povu kama maziwa, maji ya rejeta yameingia ndani ya oili, na hapo hakuna njia ya mkato, kwa sababu maji huachanisha gundi inayoshika kitambaa cha msuguano kwenye pleti hata kama pleti zenyewe zinaonekana nzuri kwa macho.

Kipimo cha pili ni taa ya O/D OFF (O/D ni ovadraivu, yaani gia ya 4). Kwenye magari ya kizazi hiki, ukifungua swichi bila kuwasha injini, kitufe cha O/D kikiwa kimewashwa, kisha ukaunganisha TE1 na E1 kwenye kisanduku cha uchunguzi, taa hiyo huanza kumweka na unahesabu mimweko upate namba ya hitilafu. Namba 62 na 63 ni za solenoidi (valvu zinazoendeshwa kwa umeme) za kubadili gia, 64 ni ya solenoidi ya kufunga konveta (kiungo cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi), 42 na 61 ni za vihisi vya mwendo. Hakikisha kwa kupima ukinzani wa kila solenoidi kwa mita. Zikiwa za baridi zinapaswa kusoma kati ya omu 11 na 15.

Baada ya hapo chomoa plagi ya solenoidi kabisa na uendeshe gari. Bila umeme, D inatoa gia ya 4, nafasi ya 2 inatoa gia ya 3, na L inatoa gia ya 1. Kama gia hizo zinakuja sawasawa, mitambo ya ndani ina afya na tatizo lako lipo kwenye umeme. Kama haziji, tatizo lipo ndani. Kipimo hiki hakigharimu hata shilingi moja, na kwa maoni yangu ndicho kinachotenganisha fundi na mbahatishaji.

Kwa gari linaloteleza, jedwali la klachi lililo kichwani mwako ndilo litakalokuonyesha mahali pa kutazama. Herufi C ni klachi na B ni breki za ndani ya giaboksi. C1 hufanya kazi kwenye gia zote za mbele. C2 hufanya kazi kwenye gia ya 3, ya 4 na ya nyuma. B0 hushika kwenye gia ya 4 peke yake, na B3 hushika kwenye gia ya nyuma na kwenye gia ya 1 ya nafasi ya L. Tuseme gari limekataa kurudi nyuma: literemshe mteremko mdogo likiwa L. Injini ikilishikilia gari, B3 ni nzima na unamtafuta C2. Gari likijiachia tu, mkosaji ni B3. Kwa lile gari la mzee wa Kitangari, D ilikuwa imekufa kabisa huku gia ya nyuma ikishika vizuri, na hiyo ilimaanisha C1 peke yake.

Kipimo cha kukanyaga mafuta gari likiwa limezuiliwa kwa breki kisizidi sekunde 5, magurudumu yawekewe vizuizi, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari. Mizunguko ikipanda kupita kiasi kwenye D pekee, upande wa C1 au moja ya klachi za njia moja unateleza. Ikipanda kwenye R pekee, tazama C2 na B3. Ikipanda kote kuwili, presha ya mfumo ni ndogo. Hapo ndipo unapofunga geji kwenye tundu la presha lililoko ubavuni mwa giaboksi na kuandika namba utakazozisoma injini ikiwa taratibu na ikiwa imekanyagwa. Zitunze namba hizo, kwa sababu utazihitaji ukishamaliza kazi.

Kushusha na kufungua

Kushusha sitakusimulia kwa kirefu, maana aliyewahi kushusha giaboksi ya kawaida anajua njia. Ondoa terminali za betri, mwaga oili, weka alama kwenye propela shafti zote mbili kabla ya kuzifungua, fungua stata, kisha fungua bolti 6 za konveta moja moja ukiwa unazungusha krenki. Giaboksi itoke pamoja na konveta yake. Ukiiacha konveta ining'inie kwenye injini utaikunja shafti au utachana sili ya pampu. Tumia jeki ya giaboksi na uifunge mnyororo. Kitu hiki pamoja na transfa yake hakibebwi kifuani, hata kama vijana wa gereji wanajiamini.

Kabla ya kufungua nje yote ioshwe kwa mafuta ya taa na brashi. Sisi wa pwani tuna maadui wawili ambao vitabu vya watengenezaji haviwataji: mchanga mwembamba unaopeperushwa na upepo wa kusi, na chumvi iliyo hewani. Mimi hufumua ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, juu ya meza iliyotandikwa karatasi nyeupe, na ninafuta kwa kitambaa cha nailoni kisichotoa nyuzi. Uzi mmoja wa tambara la pamba ukinasa kwenye valvu, gia ya 2 haitakuja, na utatafuta siku nzima bila kuuona.

Fungua sampu (beseni la oili chini ya giaboksi) kwanza na usome sumaku zake kabla hujazifuta. Vipande vinavyoshikwa na sumaku vinatoka kwenye beringi, gia au pleti za chuma. Vipande vya rangi ya shaba vinavyokataa sumaku vinatoka kwenye bushi, na bushi zilizokwisha humwaga presha kabla haijafika kwenye klachi. Baada ya sampu inafuata filta, kisha valvu bodi, yaani bamba lenye valvu zinazoelekeza oili kwenye klachi. Bolti za valvu bodi zina urefu tofauti, kwa hiyo zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichokichorea umbo la valvu bodi yenyewe, kila moja mahali pake. Unapoishusha, angalia kivalvu kidogo cha gololi na springi yake kisianguke. Pistoni nne za akyumuleta (vipunguza kishindo cha presha gia inapoingia), yaani za C0, B0, B2 na C2, zisukume nje kwa upepo kidogo huku umeziba kwa kitambaa, na springi ya kila moja uifunge pamoja na pistoni yake ukiandika jina.

Pampu hutolewa kwa pula, haibanduliwi kwa bisibisi. Ikishatoka, vitu vilivyobaki vinatoka kwa mpangilio wake: sehemu ya ovadraivu, kisha C2 na C1, mkanda wa B1, gia za sayari, na mwisho B3. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, hasa zile washa nyembamba na beringi bapa zinazokaa katikati, kwa kuwa upande unaotazama mbele na upande unaotazama nyuma havifanani. Kabla ya kutoa klachi yoyote ya njia moja, izungushe kwa mkono, ona inakoachia na inakokaza, kisha andika. Ukiirudisha kichwa chini, gari halitatoka gereji.

Kukagua

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Pleti za msuguano zina namba zilizochapwa juu ya kitambaa chake. Ikiwa namba hizo zimefutika hata sehemu tu, pleti zote za fungu hilo zimekwisha. Nilipoifungua C1 ya lile gari, pleti za kwanza mbili zilikuwa zimebaki chuma kitupu, na pleti za chuma zilizokuwa katikati yake zilikuwa na madoa ya bluu na zambarau kama petroli iliyomwagika juu ya maji. Rangi hiyo ni ya chuma kilichopikwa. Pleti ya namna hiyo huwa imepinda, hata kama ukiilaza juu ya kioo unaona imelala, na haifai kurudishwa kwa hoja ya kubana matumizi.

Kwa sababu C1 pekee ndiyo iliyoungua huku zingine zikiwa na afya, nilijua kwamba presha ilikuwa inapotea kwenye njia ya C1 na si kwenye mfumo mzima. Sili ya pistoni yake ilikuwa imekauka hadi ikivunjika kwa ukucha. Mpira haufiki hali hiyo kwa uzee tu. Joto ndilo lililoukausha, na mzigo wa mlimani ukamalizia.

Pampu ipimwe kwa fila geji na rula iliyonyooka. Nafasi kati ya gia ya nje na mwili wa pampu, na ile ya kati ya ncha za meno, isizidi milimita 0.3, nafasi ya juu ya gia isizidi milimita 0.1. Ikizidi hapo, pampu haitatoa presha ya kutosha oili ikiwa ya moto na nyepesi. Hiyo ndiyo sababu ya magari yanayotoka vizuri Mtwara Mjini asubuhi na kugoma yakifika Masasi.

Konveta haifunguki kwa spana. Ndani yake kuna oili chafu ambayo kuimwaga na kusuuza hakuiondoi yote, kwa hiyo ikiwa klachi ziliungua, konveta ya zamani isirudi. Inaweza kukatwa kwenye mashine ya leti, ikasafishwa, ikachomelewa na kusawazishwa na mtu mwenye vifaa vya kazi hiyo, au ukaagiza iliyokwisha kutengenezwa kutoka Dar es Salaam ikaletwa kwa basi. Konveta iliyochomelewa kwa macho bila kusawazishwa itatetemeka na kuua bushi ya pampu.

Kuimarisha: pesa zianzie wapi

Wateja wengi wakisikia neno kuimarisha hufikiria klachi nene. Mimi naanza na kupooza oili, kisha presha, kisha klachi, na konveta yenye nguvu zaidi inakuja mwisho ikiwa injini imeongezewa uwezo.

Oili ya giaboksi kwa kawaida hupozwa ndani ya tangi la rejeta. Katika maeneo yetu ya pwani visima vingi vina maji ya chumvi, na dereva anayejaza rejeta kwa maji hayo anaitoboa taratibu kutoka ndani, mpaka siku maji na oili vinapokutana. Kwa hiyo rejeta ipimwe kwa presha au ibadilishwe, na kuanzia hapo itumie kulanti. Juu ya hilo funga kipoza oili cha ziada mbele ya rejeta, mahali panapopata upepo hata gari likitembea polepole mlimani. Oili ipite kwenye rejeta kwanza, iende kwenye kipoza cha ziada, ndipo irudi kwenye giaboksi. Mipira iwe ya oili, si ya petroli wala ya maji, na isiguse mahali penye ncha. Paipu za zamani zipulizwe mpaka zitoke safi, kwani vipande vya klachi vilivyojificha humo vitarudi kwenye giaboksi mpya siku ya kwanza. Funga pia geji ya joto ambayo kihisi chake kiko ndani ya sampu, na mwelekeze dereva kwamba ikikaribia nyuzi 120 asimame, aweke P, aache injini iungurume.

Kwa upande wa presha, zipo seti za springi na valvu za kuongeza presha ya mfumo na kufanya gia ziingie kwa haraka zaidi. Gia inayoingia polepole na kwa ulaini ni tamu kwa abiria, lakini ndani yake pleti zinasuguana kwa muda mrefu. Fuata maelekezo ya seti hiyo na usichanganye springi za watengenezaji wawili. Wapo wanaokaza kebo ya pedali ya mafuta inayoingia kwenye giaboksi ili kupandisha presha. Hiyo ni njia ya uvivu, na ikipita kiasi giaboksi itagonga kila inapobadilisha. Kebo hiyo, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho, ina nafasi ya milimita 0 hadi 1 kati ya ncha ya mpira wake na kizuizi kilicho kwenye waya.

Pleti za ubora wa juu zinafaa, na kwenye C1 na C2 inawezekana kuongeza pleti moja kwa kutumia pleti za chuma nyembamba. Sharti ni kwamba nafasi ya mwisho ya fungu la klachi ibaki ndani ya kipimo cha kitabu cha aina ya giaboksi yako, kwa sababu A340 na A343 hazifanani. Nafasi ikiwa ndogo mno klachi itaburuza hata ikiwa imeachiwa, na utakuwa umenunua moto kwa bei ya juu.

Kufunga

Pleti mpya za msuguano ziloweke kwenye oili ya giaboksi kwa dakika 15 au zaidi. Mimi huziacha usiku kucha. Sili na oringi zote ziwe mpya. Washa na beringi bapa zishikilie mahali pake kwa vaselini nyeupe, kamwe si kwa grisi, kwa kuwa vaselini huyeyuka ndani ya oili na grisi hukwenda kuziba matundu ya valvu bodi. Kila fungu la klachi likishafungwa, puliza upepo wa baa 4 hadi 8 kwenye tundu lake. Ukisikia kishindo kizito kimoja, pistoni imepanda na imeshika. Ukisikia mfuuzo unaoendelea, sili imekunjika, na ni heri uifungue sasa ikiwa mezani kuliko kesho ikiwa chini ya gari.

Bolti za valvu bodi hukazwa kwa Nm 10 tu. Tumia renchi ya toki ndogo, kwani mkono uliozoea bolti za springi za Fuso utakata uzi wa alumini bila hata kuhisi.

Sasa konveta. Mimina karibu lita 1 ya oili ndani yake, ipandishe kwenye shafti na uizungushe taratibu huku ukiisukuma. Itashuka kwa hatua, na hatua ya mwisho ni meno yake kuingia kwenye gia ya pampu. Pima kwa rula kutoka ukingo wa giaboksi hadi uso wa konveta na ulinganishe na kitabu. Giaboksi ikishakaa kwenye injini na bolti zake zimekazwa, konveta lazima izunguke kwa vidole na iwe na nafasi ndogo kabla ya kuvutwa kwenye pleti ya krenki. Ninasisitiza hili kwa sababu giaboksi yangu ya kwanza kabisa niliivuta kwa bolti ilipokataa kukaa, nikidhani ni ugumu wa kawaida. Injini ilipowaka nilisikia mlio mmoja mfupi kama sahani inayopasuka, na pampu mpya ikawa imevunjika kabla ya gari kusogea hata hatua moja.

Kujaza na kujaribu

Oili ni ile iliyoandikwa kwenye kijiti cha kupimia au kitabu cha gari. Kwa nyingi za A340 za zamani ni Dexron II au III; nyingine zinataka Type T-IV. Usiweke oili ya aina ya WS kwa sababu tu muuzaji amesema ni mpya zaidi. Anza na lita 4, washa injini, pitisha mkono wa gia nafasi zote ukiwa umekanyaga breki, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka alama ya baridi, na umalizie oili ikishapata joto.

Rudisha geji ya presha na ulinganishe na namba ulizoziandika mwanzoni. Zikiwa sawa na mwanzo ilhali umeweka seti ya kuongeza presha, kuna mahali umekosea, na usimkabidhi mtu gari. Jaribio la kwanza lifanyike bila mzigo, kwenye lami tambarare ya kwenda Mikindani na kurudi, ukisikiliza kila gia inavyoingia. La pili ni kupanda Newala ukiwa na mzigo wa nusu huku unatazama geji ya joto. Mzee wa Kitangari nilikwenda naye mwenyewe mpaka Shimo la Mungu. Tukasimama pale ukingoni, geji ikiwa imetulia kwenye nyuzi 92, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama sasa anaweza kupakia magunia 25. Nilimwambia 12.

Gari likishatembea kilomita 1,000, mwaga oili, fungua sampu na utazame sumaku tena. Unga mwembamba wa kijivu, laini kama majivu ukiusugua katikati ya vidole, ni pleti mpya zinazozoeana. Vipande vinavyokwaruza kidole vinamaanisha kwamba giaboksi inashuka tena wiki hiyo hiyo, kabla minada ya korosho haijaanza.